Kijiti, sindano au kitanzi? Kwa sisi wa Kigoma uliza kwanza nani atakutolea

Juzi binamu yangu kanipigia simu toka kijijini kwake, mwambao wa kusini wa Ziwa Tanganyika, ukishaipita Ilagala unaendelea kwenda tu, mtandao unakatika kila baada ya maneno matatu, ananiuliza dada hivi kwenye uzazi wa mpango ipi nzuri, kijiti au sindano? Kasikia wahudumu wa mkoba, wale wanaozunguka vijijini na huduma, wanakuja wiki ijayo na anajua akifika pale ataulizwa "mama umechagua njia gani" na foleni iko nyuma yake na yeye jibu hana. Ana watoto wanne, wa mwisho ana miezi mitano, bado ananyonya. Nikamwambia nitakuandikia, ukipanda kule juu penye mtandao utasoma. Nimeandika weee mpaka nikaona hii sio ya kwake peke yake, wako wengi wanaohitaji.

Mi sio nesi wala daktari. Ila nimetumia sindano, nikatumia kijiti, kile cha chini ya ngozi ya mkono, sa hivi niko na kitanzi, kile cha ndani ya mfuko wa uzazi, mwaka wa nne, na ripoti za tafiti za mambo haya huwa nazitafuta nazisoma kwasababu yanatuhusu moja kwa moja. Mkoa wetu wenyewe umepimwa sana tu, kuna utafiti mkubwa wa afya ya uzazi uliopita nyumba kwa nyumba Kigoma mwaka 2014, ukarudiwa 2016 na 2018, chini ya ule mradi wa kupunguza vifo vya wajawazito uliokuwa unafadhiliwa na Bloomberg Philanthropies toka 2006, Thamini Uhai na EngenderHealth ndo walikuwa huku kwenye vituo. Kwahiyo tusiseme hatujulikani.

Tuanze na namba manake kila mtu anauliza ipi inazuia zaidi. Chukua wanawake 100 wanaotumia njia fulani mwaka mzima, kwa namna watu wanavyotumia kweli, yani na kusahau kumo na kuchelewa kumo. Shirika la Afya Duniani linahesabu hivi: kwenye kijiti hafiki hata mmoja anayepata mimba, ni kama mmoja kwenye 1,000. Kitanzi cha shaba nacho ni chini ya mmoja kwenye 100. Sindano 4. Vidonge 7. Kondomu ya kiume 13. Kuchomoa nje 20. Na usipotumia kitu kabisa, 85 kati ya 100 watashika mimba ndani ya huo mwaka.

Ukiangalia hapo utasema basi kijiti kimeshinda, kazi imeisha. Subiri kidogo. Hiyo 4 ya sindano imetoka wapi? Dawa yenyewe sio dhaifu. Kwa mtu anayechomwa kila tarehe yake bila kupitisha, hiyo 4 inashuka mpaka 0.2, yani wawili kwenye 1,000, iko karibu kabisa na kijiti. Kilichojaa katikati ya 0.2 na 4 ni safari. Ni mama aliyekosa nauli, ni boti iliyosubiri upepo utulie, ni zahanati iliyosema sindano zimeisha njoo Jumatatu. Kuna utafiti wa St. Louis kule Marekani, waliufanya kuanzia 2007, wanawake 9,256 wakapewa njia yoyote wanayoitaka bure na wakafuatiliwa, matokeo yakatoka 2012, waliokuwa kwenye vidonge na njia zingine za kukumbuka kila mara walipata mimba mara 20 zaidi ya wenye vijiti na vitanzi, LAKINI waliochomwa sindano kwa wakati walikuwa sawasawa na wa vijiti. Hapo ndo mi nilipoelewa kwamba swali la ipi bora huwezi kulijibu bila kujua mtu anakaa wapi.

Kwahiyo binamu yangu, badala ya kulinganisha dawa na dawa, linganisha safari na safari. Kwa miaka 5, sindano ni safari 20. Kijiti cha miaka 5, kile cha fimbo mbili kinaitwa Jadelle, ni safari mbili, ya kuweka na ya kutoa. Cha fimbo moja, Implanon, ni miaka 3, na kuna Levoplant fimbo mbili nayo miaka 3, kwahiyo muulize nesi ni kipi anachokuwekea na akuandikie mwaka wa kutoka. Kitanzi cha shaba kinakaa hadi miaka 10 na zaidi, ni safari ya kuweka, moja ya kuangaliwa baada ya wiki kadhaa, na ya kutoa siku ukiamua.

Safari 20 kwa mtu wa hapa mjini, Mwanga au Ujiji, ni kitu gani, unatembea kwa miguu unarudi unaendelea na biashara yako. Safari 20 kwa mtu wa mwambao ni kitu kingine kabisa. Na hela yenyewe huku inafuata mwezi, wote tunajua, giza likiingia watu wanaenda ziwani wanavua dagaa hela inakuwepo, mbalamwezi ikitoka vipe, zile boti za uvuvi, vinakaa ufukweni na mfukoni kunakauka. Sasa tarehe ya sindano haijui mbalamwezi. Mwaka 2024 ziwa lilivyofungwa watu wasivue tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, ile ni miezi 3 kamili, ni sindano moja nzima imeanguka katikati ya kipindi ambacho nyumba nyingi hazikuwa na hela ya boti.

Ila sindano ina kitu kimoja ambacho kijiti hakina na watu hawakisemi. Sindano inaisha yenyewe. Ukiichoka, ukitaka mtoto, ukiona damu haieleweki, huombi ruhusa ya mtu, hurudi tu basi. Kijiti lazima akutoe mtu. Na huyo mtu awe amefundishwa, na awe na ganzi, na kiwembe safi, na muda, na awe anataka kukutoa. Hapo kwenye kutaka ndo kuna shida.

Nikueleze yaliyonikuta. Niliwekewa kijiti baada ya mtoto wa pili, dakika chache tu, sikusikia kitu, nesi mchangamfu kabisa. Miezi kama minane hivi damu ikawa haieleweki, matone matone, leo ipo kesho haipo keshokutwa ipo, nguo nyeupe nikaacha kuvaa, msikitini siendi, mwezi wa Ramadhani nikawa sijui nifunge au nisifunge. Nikarudi palepale nikasema naomba mnitoe. Mara ya kwanza nikaambiwa anayetoa yuko semina. Mara ya pili yupo ila vifaa havijachemshwa. Mara ya tatu kanikalisha chini akaanza kunisema, mama vumilia kitazoea, hivi unajua serikali imetumia shilingi ngapi kukuletea hiki kitu, na bado kina miaka miwili mbele. Sikugombana naye. Nikatoka nje nikakaa chini ya mwembe nikalia, sio kwa maumivu, ni ile hali ya kuwa kitu kipo ndani ya mkono wangu na mi sina amri nacho.

Aliyenitoa ni mama mmoja mtu mzima, nesi wa siku nyingi, kituo kingine kabisa. Hakuniuliza sababu. Kaninyosha mkono juu ya kitanda, kaubonyeza kwa kidole mpaka ncha ikajitokeza chini ya ngozi kama mfupa wa dagaa, kachoma ganzi kidogo, kachana mahali padogo kuliko kucha, akasukuma toka juu na kile kitu kikatoka chenyewe kwenye pinseti, cheupe, urefu kama njiti ya kiberiti. Kanionyesha akasema haya kiangalie, kimetoka chote, hakijakatika. Plasta, bandeji, siku tatu usibebe ndoo kwa mkono huo. Nilikuwa nimezunguka wiki 6 kwa kazi ya dakika kumi.

Sasa sisemi kijiti kibaya, na wala usimtishe mtu nacho. Kwa takwimu za nchi za 2022, kati ya wanawake walioolewa 31 kwa 100 wanatumia njia ya kisasa na kijiti ndo kinaongoza, kimeshaipita sindano. Kilienea hivi baada ya 2013, kampuni zinazotengeneza zilikubali kushusha bei toka dola kama 18 hadi 8.50 kwa nchi maskini, nchi nzima zikaanza kumwagiwa vijiti. Jambo jema sana. Lakini nguvu ikawekwa zaidi kwenye kufundisha kuweka kuliko kutoa, na kuweka kunahesabiwa kwenye ripoti kama mafanikio, kutoa kunaonekana kama hasara. Kuna mtafiti anaitwa Leigh Senderowicz, mwaka 2020 aliandika kwamba tusihesabu tu wanawake wangapi wanatumia, tuhesabu wangapi wana uhuru, na uhuru wenyewe akauweka mafungu matatu: umepewa maelezo ya kutosha, umewekewa njia zote mezani, na uko huru kukubali au kukataa bila kusukumwa. Kumbuka mwanamke aliyekataliwa kutolewa kijiti kwenye takwimu anahesabiwa kama mtumiaji. Mi kwa zile wiki 6 nilikuwa nahesabiwa.

Hilo la damu nalo tuliseme wazi manake ndo linawatoa wengi. Njia zote mbili, sindano na kijiti, zinavuruga mpangilio wa hedhi. Sindano mwanzoni inaleta damu ya ovyo alafu ukishachomwa chomwa mwaka hivi wengi inakata kabisa. Damu haijikusanyi tumboni, hilo naomba litoke vichwani mwa watu, ni kwamba ukuta wa kizazi haujengeki kwahiyo hakuna cha kutoka. Kijiti damu yake haitabiriki, wengine inakata, wengine matone kama mimi, na kuna dawa za kumeza siku chache za kutuliza ambazo nesi anaweza kukupa kabla hujaamua kutoa, mi hakuna aliyeniambia. Kama kukosa siku zako kutakuletea maswali ndani ya nyumba, hicho ni kigezo halali, mwambie nesi.

Tofauti nyingine kubwa ni ukitaka kuzaa tena. Kijiti na kitanzi ukitoa leo mwili unarudi haraka, mwezi huohuo unaweza kushika. Sindano inachelewesha, kwa wastani miezi kama minne zaidi ya njia zingine, wengine karibu mwaka toka ile ya mwisho. Haifungi kizazi, inachelewesha. Kwahiyo mtu aliyeolewa karibuni anayetaka kupumzika miezi sita tu alafu azae, sindano sio yake.

Na hili la sindano wengi hawalijui, hata baadhi ya wanaochoma: ukichelewa tarehe haimaanishi umeharibu. Shirika la Afya Duniani linaruhusu ile ya miezi 3 uchomwe hata ukichelewa hadi wiki 4, bila kupimwa mimba na bila kondomu ya ziada. Na unaweza kuwahi wiki mbili kabla. Kwa mtu wa boti hii ni dhahabu. Unaona upepo wa kusini unaanza kuchafuka na tarehe yako iko siku kumi mbele, nenda mapema. Umechelewa wiki tatu, usikae nyumbani unaogopa kusemwa, nenda.

Wanaoogopa kwamba sindano inaleta UKIMWI, hiyo hofu ilikuwa na msingi wake, tafiti za zamani zilikuwa zinagongana. Ndo wakafanya utafiti mkubwa unaitwa ECHO, wanawake 7,829 wa Afrika Kusini, Eswatini, Kenya na Zambia, wakagawanywa kwa bahati nasibu kwenye sindano, kijiti na kitanzi cha shaba, majibu yakatoka 2019: hakuna tofauti kubwa ya maambukizi kati ya njia hizo tatu. Ila lililoniuma ni kwamba ndani ya ule utafiti wanawake 397 walipata virusi, kwenye njia zote. Maana yake hakuna kati ya hizi tatu inayokukinga na ugonjwa. Kama mume anasafiri kambi za uvuvi na humuelewi, kondomu inabaki palepale hata kama una kijiti. Na kama unatumia dawa za virusi, mwambie nesi jina la dawa, zile zenye efavirenz zinapunguza nguvu ya kijiti, na dawa ya kifua kikuu ya rifampicin hivohivo. Sindano haziisumbui, na wenye dolutegravir hawana shida na kijiti.

Haya, kitanzi. Wengine wanaita lupu. Huku kwetu kinaogopwa kuliko vyote na mi nilikiogopa miaka mingi, mara kinapanda moyoni, mara kinamchoma mwanaume, mara mtoto anazaliwa amekishika mkononi. Ni kiplastiki kidogo cha umbo la T kimezungushiwa waya wa shaba, kinakaa ndani ya mfuko wa uzazi na hakina njia ya kwenda moyoni. Hakina homoni hata kidogo, ndo maana nilikichagua, nilitaka siku zangu zirudi kwenye mstari nijue leo nafunga leo sifungi. Bei yake ni kwamba miezi mitatu hadi sita ya mwanzo hedhi inakuwa nzito na tumbo linauma zaidi, mtu mwenye upungufu wa damu afikirie mara mbili. Nyuzi zinazoning'inia mwanaume akizisikia zinapunguzwa, nusu dakika.

Kwenye kutoa sasa, kitanzi kinakishinda kijiti mbali. Hakichanwi kitu, nesi anavuta nyuzi taratibu unakohoa kimetoka. Ila kwenye kuweka kinashindwa, kwasababu kinahitaji kitanda, mwanga, pazia, vifaa vilivyochemshwa na mtu aliyezoea kupima njia ya uzazi, na kwenye zahanati nyingi za pembeni utakuta aliyefundishwa ni mmoja na kahamishwa. Ukiwa na maambukizi ya ukeni yanayotoa usaha unatibiwa kwanza. Kikifanyika mahali pazuri, kinawekwa hata ndani ya saa 48 baada ya kujifungua, ukipitisha hapo unasubiri wiki 4. Hii ndo nafasi wanawake wa mbali wanaipoteza, umeshafika hospitali, umeshalala kitandani, safari umeshailipa. Ukiwa na mimba muulize nesi wa kliniki mapema.

Na siri. Najua kuna wanaosoma hapa ambao mume hataki au mama mkwe anahesabu watoto. Mwongozo wa Tanzania hautaki saini ya mume, na hautaki uwe umeolewa wala umezaa, mtu yeyote wa umri wa kuzaa ana haki ya huduma, na kwenye vituo vya serikali ni bure. Ukiombwa barua ya mume unaombwa kitu kisichopo. Kwa usiri, sindano haiachi alama ila safari zenyewe zinaonekana, kila miezi 3 unaaga unaenda wapi. Kijiti kinapapaswa mkononi na wiki ya kwanza kuna bandeji. Kitanzi hakionekani kabisa. Kadi unaweza kuomba ibaki kituoni. Ila mwambie nesi ukweli kwamba unaficha, ili akupe njia isiyokata siku zako kama hilo ndo litakalokutoa.

Zingine nazipitia haraka. Vidonge ni vizuri kwa mtu mwenye saa, wa kila siku muda uleule, na unaweza kuomba pakiti kadhaa kwa mkupuo ili usirudi kila mwezi, ila vile vya mchanganyiko havifai kwa mwenye presha, wala anayenyonyesha mtoto chini ya miezi 6, kuna vya kwake vya homoni moja. P2 ni ya dharura, umepasuka kondomu, umebakwa, umesahau, meza mapema ndani ya saa 72 na kadri unavyochelewa ndo inavyopungua nguvu, na haitoi mimba iliyokwishaingia, usiifanye njia ya kila wiki. Na kama umelazimishwa nenda kituoni haraka, kuna dawa za kuzuia virusi nazo zina saa 72 zake. Kufunga kizazi kwa aliyemaliza kabisa. Kwa mwanaume kufunga ni operesheni ndogo kuliko ya mwanamke, rahisi kuliko ya mwanamke, na haiondoi nguvu, natamani siku moja wavuvi wetu walisikie hili kutoka kwa mvuvi mwenzao.

Binamu yangu wewe sa hivi unalindwa na kunyonyesha na labda hujui. Mtoto chini ya miezi 6, ananyonya tu hapewi uji wala maji, mchana na usiku, na siku zako hazijarudi, hizo tatu zikiwepo kwa pamoja inazuia kwa 98 kwenye 100. Moja ikivunjika imeisha. Mtoto wako ana miezi mitano, ndo maana nakwambia huo mkoba wa wiki ijayo usiukose.

Kuna jambo la akiba ya dawa. Mwaka 2025 Marekani ilivyokata misaada, dawa za uzazi wa mpango za dola milioni 9.7 zilikwama kwenye maghala Ubelgiji na wakapanga kuziteketeza. IPPF, shirikisho la kimataifa la uzazi wa mpango, ambao chama chetu cha UMATI ni mwanachama wao, walitoa hesabu kwamba humo ndani kulikuwa na sindano zaidi ya milioni 1 na vijiti 365,100 vya Tanzania, kama asilimia 28 ya mahitaji ya nchi kwa mwaka. Kwahiyo unapochagua uliza na hili, ipo? Na mara inayofuata itakuwepo? Mtu wa sindano akikuta imeisha hana ulinzi baada ya wiki chache. Mtu wa kijiti au kitanzi akiba anayo mwilini, upungufu hautamgusa mpaka miaka yake iishe. Kwa hali kama hiyo mi hilo nalipa uzito sana.

Manake tunajua kinachofuata njia zikikosekana. Utafiti wa Taasisi ya Guttmacher pamoja na NIMR, taasisi yetu ya utafiti wa magonjwa, na Muhimbili ulikadiria kwamba mwaka 2013 Tanzania zilitolewa mimba kama 405,000, ni 36 kwa kila wanawake 1,000, na karibu wote kwa siri. Waliofikishwa vituoni kutibiwa madhara walikuwa kama 66,600. Sheria yetu ya kanuni za adhabu inaruhusu kutoa mimba pale tu maisha ya mwanamke yakiwa hatarini, nje ya hapo anayemtoa mtu ni jela hadi miaka 14 na mwanamke mwenyewe hadi 7. Hofu ya hiyo sheria ndo inawafanya wasichana wanaovuja damu walale ndani siku tatu wakisema ni malaria.

Naomba mtu yeyote mwenye mdogo wake alishike hili: kutibiwa sio kosa. Mimba ikishaharibika, iwe yenyewe iwe imeharibiwa, huduma baada ya mimba kuharibika ni huduma halali ya serikali, kusafishwa kizazi, dawa, damu ikihitajika, na kazi ya aliye zamu ni kuokoa maisha. Damu inayojaza kitambaa kwa saa moja, homa, uchafu unaonuka, kizunguzungu, hizo sio za kusubiri boti ya kesho, tafuteni ya kukodi usiku huohuo. Na baada ya hapo, yai linaweza kutoka kabla hata wiki mbili hazijaisha, kwahiyo njia inaanzia palepale kitandani kabla hujarudi nyumbani. Sindano, kijiti, vidonge vyote vinaanza siku hiyohiyo, kitanzi pia kama hakuna maambukizi. Ila asilazimishwe, matibabu hayauzwi kwa kukubali kijiti.

Watu wanakotoa huduma nako kunatofautiana. Zahanati iko karibu ila mara nyingi unapata sindano, vidonge na kondomu, kijiti inategemea nani yupo. Mkoba unakuja na kila kitu na watu wazoefu, alafu unaondoka nao. Hospitali ya mkoa utapata vyote, na foleni. Duka la dawa muhimu linafunguliwa mpaka usiku na halikuulizi maswali ila unalipa na hakuna anayekupima presha. Vijiji vya upande wa Gombe walibahatika toka mradi wa TACARE uanze 1994, na kule Mahale kuna mradi wa Tuungane toka 2012, wakachukua wanawake na wanaume wa kijijini wenyewe wakawafundisha wakawa wanafuata watu nyumbani. Mi naona ndo mfano wa kuiga kwenye mwambao wote, mtu anakufuata mlangoni anajua mtoto wako wa mwisho ana miezi mingapi.

Sasa dada yangu, nakuandikia hapa utakachofanya. Ukifika mbele ya nesi usianze na jina la njia. Mwambie nina mtoto wa miezi mitano ananyonya, mme anajua au hajui, zahanati yetu ni saa ngapi kwa miguu. Alafu uliza: nikitaka kukitoa kabla ya nyie kurudi, ni nani hapa karibu anatoa kijiti, na yuko siku gani? Akikutajia mahali na siku, aandike nyuma ya kadi, weka kijiti cha miaka 5, mimi kwa ulipo wewe ndo ningekichagua. Akizunguka zunguka, akikwambia tutarudi tu usijali, chukua sindano kwa sasa, na niandikie tarehe kwenye meseji. Ukija mjini kuuza migebuka nitakupeleka kwa yule mama aliyenitoa mimi, bado yupo, ukichagua kitanzi atakuwekea na ukitaka kijiti atakuwekea, na nilishamuuliza akasema yeye anatoa siku yoyote ya wiki hadi saa nane mchana.